Mayai ya fuma yametungishwa yote, asubuhi viinitete vimekufa: kosa liko wapi?

Swali: "Assalaam aleikum daktari. Nasoma shahada ya uzamili hapa Mombasa. Utafiti wangu ni kujua jeni zinazojenga mifupa ya kiinitete cha fuma zinaanza kazi katika hatua ipi. Natumia Tripneustes gratilla, hawa wanyama wa miiba wa kwenye nyasi bahari. Mwezi huu nimejaribu mara sita. Nawabeba kwa ndoo mpaka maabara, nawadunga potasiamu kloraidi, na mayai yanatoka tele. Nachanganya mililita 1 ya manii na mililita 200 za maji yenye mayai, na baada ya dakika mbili utando umenyanyuka karibu kwenye kila yai. Lakini ikifika mgawanyiko wa kwanza, mayai mengi yanakatika vipande vitatu au vinne kwa mpigo mmoja. Bika nalala nimeiacha mezani. Kiyoyozi ni nyuzi 20 mchana, jioni huzimwa. Asubuhi nakuta mabonge chini na maji yananuka. Msimamizi ameniambia niongeze manii. Mwenzangu anasema fuma wetu hawafai kwa kazi ya jeni, nitafute fuma wa zambarau wa Marekani ambaye jenomu yake, yaani DNA yake yote, imeshasomwa. Nimfuate nani?"

Waaleikum salaam. Kwa sasa usimfuate yeyote kati yao. Manii usiyaongeze, yapunguze, na upunguze sana. Fuma wako wazima, tena wanafaa. Ahsante kwa kuandika vipimo vyako, maana bila ile mililita 1 kwa 200 nisingeweza kukujibu kwa uhakika.

Ushauri wa msimamizi wako si wa mtu asiyejua. Utando ukinyanyuka kwenye mayai machache, kuongeza manii ni jambo la kujaribu. Ila shida yako ni ya upande wa pili. Yai la fuma lililoingiwa na mbegu moja hugawanyika mawili sawasawa, kisha manne, kisha manane. Likikatika matatu au manne kwa mpigo mmoja, karibu kila mara limeingiwa na mbegu mbili au zaidi. Theodor Boveri, mwanabiolojia Mjerumani, aliliona hilo kwenye mayai ya fuma zaidi ya miaka 100 iliyopita, na maelezo aliyochapisha mwaka 1902 bado ndiyo tunayoyategemea. Mbegu ya kiume haileti kromosomu, zile nyuzi zinazobeba jeni, peke yake. Inaingia pia na sentrosomu, kile kijisehemu kinachojigawa mara mbili na kuweka nguzo mbili za kuvutia kromosomu huku na huku. Yai lenyewe limekwisha poteza sentrosomu yake. Zikiingia mbegu mbili, nguzo zinakuwa nne, na seti tatu za kromosomu zinavutwa kuelekea pande nne bila mpango. Kila seli inaondoka na mchanganyiko wake: huyu kakosa kromosomu hii, yule kakosa ile. Boveri aliona kwamba mayai yaliyokatika matatu yalifanikiwa kukua mara nyingi kuliko yaliyokatika manne, na kutokana na hilo akahitimisha kwamba kila kromosomu ina kazi yake isiyoweza kuchukuliwa na nyingine. Viinitete vyako vinarudia jaribio lake kila usiku.

Sasa hesabu. Manii ya fuma ambayo hayajaguswa na maji ya bahari yana mbegu makumi ya mabilioni kwa kila mililita. Wewe umeyapunguza mara 200 tu. Kipimo cha kuanzia katika kazi hii ni kuyapunguza mara 100,000 hivi. Umezidisha mara 500.

Hapa pana dhana moja inayowakwaza wanafunzi wengi: kwamba utando ukinyanyuka kwenye mayai yote, kazi imefaulu. Utando unakuambia kwamba mbegu imeingia. Haukuambii zimeingia ngapi. Ili uone kwa nini, tazama yai linavyojikinga.

Kinga ya kwanza ni ya umeme. Yai lililotulia lina tofauti ya volti kati ya ndani na nje, ndani ikiwa hasi, takriban milivolti 70 chini ya sifuri. Mbegu ya kwanza ikiungana na yai, sodiamu iliyo katika maji ya bahari inamiminika ndani na volti inapanda juu ya sifuri ndani ya sekunde moja hadi tatu. Volti ikiwa juu, mbegu nyingine haziwezi kuungana na utando wa seli. Laurinda Jaffe alithibitisha jambo hili mwaka 1976. Lakini kinga hii hudumu kama dakika moja tu, na haiwi kamili kabla haijapanda. Mbegu zikiwa mamia kwenye yai moja, mbili au tatu zinaweza kuwahi kuungana katika sekunde ile ile ya mwanzo.

Kinga ya pili huja nyuma yake. Wimbi la kalisiamu huanza pale mbegu ilipoingia na kulizunguka yai zima kwa nusu dakika hivi. Linapopita, maelfu ya vifuko vidogo vilivyopangwa chini ya utando wa seli hupasuka na kumwaga vilivyomo: vimeng'enya vinavyokata vishikizo vya mbegu, sukari za mnyororo mrefu na protini zinazovuta maji hadi utando unyanyuke, na kimeng'enya kinachotumia haidrojeni peroksaidi kuugandisha utando uwe mgumu. Huo ndio utando unaouona kwenye hadubini. Unanyanyuka vizuri kabisa juu ya yai lililokwisha ingiwa na mbegu tatu. Kwa hiyo hesabu yako ya dakika ya pili ni nusu ya habari. Nusu ya pili ipo kwenye mgawanyiko wa kwanza, pale unapohesabu ni mayai mangapi kati ya 100 yamegawanyika mawili sawa. Yasiyo ya kawaida yakizidi matatu kwa 100, mwaga uanze upya.

Kuna vitu vingine vinavyodhoofisha kinga hizi, na baadhi vipo kwenye maelezo yako. Mayai yaliyokaa muda mrefu ni mojawapo. Yatungishe ndani ya saa mbili tangu yatoke, na yakipita saa nne yasiingie kwenye jaribio. Kingine ni ndoo. Fuma akichemkiwa na jua na kutikiswa njiani anaweza kumwaga mbegu humo humo, na wenzake wakishazionja majini nao humwaga. Ukifika maabara umebeba mayai yaliyotungishwa saa moja iliyopita, fuma waliopakaa mbegu mwili mzima, na maji machafu. Wabebe kwenye sanduku la baridi, wamefunikwa kwa nyasi bahari au kitambaa kilicholowa maji ya bahari, si barafu moja kwa moja mwilini. Ndoo ukiikuta imepata ukungu mweupe, wote waliokuwemo wasitumike siku hiyo.

Nitakueleza utaratibu kama ninavyotaka uufuate. Pima gramu 3.73 za potasiamu kloraidi kwenye mililita 100 za maji yaliyotoneshwa, upate 0.5 M (nusu moli kwa lita). Mgeuze fuma mdomo juu. Dunga kwenye ngozi laini inayouzunguka mdomo, sindano ikiwa imelala kuelekea pembeni ili isigonge yale meno, jumla mililita 1 hadi 2 kwa fuma mkubwa, ukigawa sehemu mbili tatu. Mtikise taratibu. Ndani ya dakika chache utaona kinachotoka kwenye vitundu vitano vya juu: manii ni meupe kama maziwa mazito, mayai yana rangi ya njano iliyofifia au ya krimu na yanashuka kama uzi wa chembechembe. Jike mpindue juu ya bika iliyojaa maji ya bahari yaliyochujwa, vitundu vikiwa ndani ya maji. Dume mwache wima mkavu, manii uyafyonze kwa pipeti yalivyo, uyaweke kwenye kichupa juu ya barafu. Humo yatakaa saa nyingi. Yakishaguswa na maji ya bahari, mbegu huanza kuogelea na kuchoka, na baada ya nusu saa usizitegemee. Ukiona maji ya rangi ya kahawia yanatoka, acha kukusanya, maana hayo ni maji ya tumbo na yanazuia utungisho.

Kila dume na kila jike pipeti yake. Mikono isuuze kwa maji baridi ya bomba unapotoka kwa dume kwenda kwa jike, maana maji yasiyo na chumvi hupasua mbegu papo hapo. Kisha kausha, maana hayo hayo maji hupasua mayai pia.

Mayai yapitishe kwenye chujio la nailoni la mikromita 150 kuondoa miiba na uchafu, yaache yatuame, mwaga maji ya juu, ongeza mapya. Fanya hivyo mara mbili au tatu. Tazama tone moja kwenye hadubini. Yai la fuma lililokomaa limekwisha maliza mgawanyiko wake wa kupunguza kromosomu kabla ya kutoka, kwa hiyo kiini chake ni kidogo na hakivutii jicho. Yai lenye duara kubwa angavu katikati halijakomaa na halitatungishwa. Jike mwenye zaidi ya mayai machache ya namna hiyo mrudishe baharini.

Sasa manii. Chukua mikrolita 10 ya manii makavu, changanya na mililita 10 za maji ya bahari yaliyochujwa. Hapo umepunguza mara 1,000. Kutoka humo chukua mililita 2 utie kwenye mililita 200 za mayai yako, koroga kwa upole. Hicho ndicho kipimo cha kuanzia, na nasema cha kuanzia kwa sababu madume hawalingani. Kwa hiyo kabla ya kutungisha mayai yote, fanya jaribio la vibakuli vitano. Kila kimoja kina mayai mia chache kwenye mililita 10. Kimoja kisitiwe kitu. Vinne vitiwe manii yaliyopunguzwa kwa jumla mara 1,000, mara 10,000, mara 100,000 na mara 1,000,000. Dakika mbili baadaye hesabu tando. Utakachochagua ni kipimo kidogo kuliko vyote kinachokupa tando 95 au zaidi kwa 100, na kile cha mara 1,000 kitabaki kuwa somo lako la macho: utaona mayai yakikatika manne. Kile kibakuli kisichotiwa kitu kinaonekana cha bure, lakini nakipenda kuliko vingine. Tando zikinyanyuka humo, mbegu zimeshaingia kwenye mayai yako bila wewe kujua, kwa mkono, kwa pipeti au kwa ndoo, na hakuna hesabu yoyote ya siku hiyo itakayosimama.

Jaribu pia kila jike peke yake kabla ya kuchanganya mayai ya majike kadhaa. Jike mmoja mbovu akichanganywa na wanne wazuri huharibu chombo kizima.

Hayo yanahusu dakika mbili za kwanza. Usiku una makosa yake mengine, na hata kama kila yai lingeingiwa na mbegu moja tu, bika yako isingefika asubuhi salama.

Kwanza, hukuosha. Mbegu zilizobaki zinakufa na kuoza, na bakteria wanapata karamu. Tando zikishanyanyuka, baada ya dakika tano hivi acha mayai yatuame, mwaga maji ya juu, ongeza mapya, mara mbili hadi tatu. Pili, msongamano. Mayai yakiwa tabaka nene chini ya bika, ya chini hayapati oksijeni. Otto Warburg alipima mwaka 1908 jinsi yai la fuma linavyoongeza matumizi ya oksijeni mara tu linapotungishwa, na kiinitete kinaendelea kuihitaji. Weka mayai kwenye trei au bakuli pana lenye maji ya kina cha sentimita 1 hadi 2, mayai yakitandaa tabaka moja lisilofunika hata nusu ya sakafu ya chombo. Hisi zako zitakuambia ni machache mno. Usizisikilize.

Tatu, joto. Maji ya ndani ya mwamba wetu huwa nyuzi 24 au 25 wakati wa kusi, na hukaribia 30 mwishoni mwa kaskazi. Wewe umewapa nyuzi 20 mchana, kisha jioni kiyoyozi kinazimwa na chumba kinapanda hadi joto la Mombasa usiku. Baridi inachelewesha migawanyiko na kuifanya isiende pamoja, na ukipita nyuzi 30 hali huharibika haraka. Walee kati ya 26 na 28. Huhitaji mashine ya bei. Chukua sanduku la stairofomu, tia maji, weka hita ndogo ya tangi la samaki yenye kidhibiti, uviweke vyombo vyako humo vielee, na kipimajoto kisitoke.

Nne, maji yenyewe na vyombo. Chota maji yakijaa, kutoka nje mbali na mikono ya bahari, si Tudor wala bandarini. Wakati wa masika pima chumvi kabla ya kuchota, unataka karibu 35 kwa 1,000. Maji yaliyopungua chumvi yamepungua sodiamu pia, na umeona kinga ya kwanza inategemea nini. Chuja kwa kichujio cha mikromita 0.45, au bora 0.2. Maji ya bahari yakikusumbua, yatengeneze mwenyewe kwa lita moja: sodiamu kloraidi gramu 24.72, potasiamu kloraidi 0.67, kalisiamu kloraidi yenye maji mawili 1.36, magnesiamu kloraidi yenye maji sita 4.66, magnesiamu salfeti yenye maji saba 6.29 na sodiamu baikaboneti 0.18, kisha rekebisha pH iwe 8.0. Kalisiamu ukiisahau, hutapata utando hata mmoja. Vyombo vya viinitete visiguswe kamwe na sabuni wala formalini, viwe na alama na kabati lake. Chombo kilichowahi kubeba formalini hakisafishiki kwa kazi hii.

Antibiotiki, penisilini yuniti 100 kwa mililita pamoja na streptomaisini mikrogramu 50, zinasaidia. Haziokoi chombo kichafu.

Viinitete vikianguliwa, yaani vikitoboa utando na kuanza kuogelea, vyenye afya vitapanda juu. Huo ndio wakati wa kuvitenga: mimina maji ya juu taratibu kwenye chombo kipya, uache wafu na mabonge chini. Hatua hii peke yake inaondoa nusu ya matatizo ya asubuhi.

Nije kwa mwenzako na fuma wake wa zambarau. Anamsema Strongylocentrotus purpuratus, na ni kweli jenomu yake ilichapishwa mwaka 2006, jeni takriban 23,300. Ni kweli pia kwamba ramani ya jeni zinazojenga kiinitete, ile iliyofanywa na Eric Davidson na wenzake huko California, imechorwa juu ya fuma huyo. Lakini yeye ni wa maji baridi ya Pasifiki ya Amerika Kaskazini, viinitete vyake hulelewa kwenye nyuzi 15, na kuvifikisha hatua ya pluteo, yaani lava mwenye mikono anayeogelea, huchukua siku tatu hivi. Wako hufika huko kwa karibu nusu ya muda huo au pungufu. Kumleta mnyama mgeni hai kwenye jiji la pwani ni hatari kwa bahari yetu, na sioni sababu ya kuomba ruhusa hiyo. Unachohitaji kutoka kwake ni maandishi ya jeni zake, na hayo yapo wazi kwenye hifadhidata iitwayo Echinobase.

Hata hivyo huyo si jirani wa karibu wa fuma wako. Tripneustes yuko katika jamii ya Toxopneustidae, pamoja na Lytechinus variegatus, ambaye jenomu yake ilichapishwa mwaka 2020. Anza na Lytechinus. Linganisha jeni ile ile kwa wote wawili, tafuta vipande visivyobadilika, na humo ndimo uweke praima zako, vile vipande vifupi vya DNA vya kuanzisha unakili. Kwa jeni ya alx1, mojawapo ya zile zinazoanzisha seli za mifupa, utavutiwa kuziweka kwenye kile kipande cha protini kinachoshika DNA, kwa kuwa hakibadiliki. Tahadhari: vipande vya namna hiyo vinafanana kati ya jeni nyingi za ukoo mmoja, kwa hiyo unaweza kukuza jeni nyingine ukadhani ni yako. Kila unachokikuza, kisomeshe mfuatano wake kabla ya kukipima kwa qPCR, njia ya kupima wingi wa RNA, yaani nakala za jeni inayofanya kazi. Praima ziwe kwenye eksoni mbili tofauti, yaani vipande vya jeni vinavyobaki kwenye RNA, ili DNA iliyobaki kwenye RNA yako isikudanganye.

Kitu ambacho huwezi kukopa kabisa ni mofolino, zile nyuzi fupi za kuzuia jeni zinazodungwa ndani ya yai. Zinahitaji kulingana na RNA ya mnyama mwenyewe herufi kwa herufi, zote 25 au karibu zote, na mara nyingi hulenga sehemu inayotangulia mwanzo wa protini, ambako spishi hutofautiana sana. Hapo mwenzako ana hoja. Lakini swali lako ni lini jeni zinaanza kazi, na kwa swali hilo hudungi chochote. Kudunga mayai ni ujuzi wa miezi: kuondoa ute kwa maji ya asidi, kuyapanga mstari kwenye sahani iliyopakwa protamini, kuzuia utando usigande. Uuache kwa shahada ijayo.

Lakini kuna jambo zito zaidi katika swali lako la jeni, nalo linaturudisha kwenye ile mililita 1. Kwenye hatua ya seli 16, kiinitete cha kawaida kina seli nane za kati upande wa juu, nne kubwa, na nne ndogo sana chini kabisa. Hizo nne ndogo ndizo zitakazozaa seli za mifupa. Ndani yake protini ya Pmar1 inaizima jeni ya HesC, na HesC ndiyo iliyokuwa imezizuia alx1 na wenzake wasifanye kazi. Kizuizi kikizuiwa, alx1 inaanza, muda mrefu kabla hujaona mfupa wowote. Jeni kama sm50 na sm30, zinazotengeneza protini za mfupa wenyewe, huja baadaye, karibu na wakati seli hizo zinapoingia ndani ya kiinitete na baada yake. Sasa fikiria chombo ambacho theluthi ya viinitete vimeingiwa na mbegu mbili. Seli ndogo hazijakaa mahali pake, kromosomu zimegawanyika ovyo, na kila kimoja kiko kwenye saa yake. Ukivisaga pamoja na kupima RNA utapata mkunjo uliolala, usio na mwanzo. Utadhani praima ni mbaya. Utabadilisha praima mara tatu, na pesa ya utafiti itaisha.

Kwa hiyo usichukue sampuli kwa saa ya ukutani. Chukua kwa hatua: yai lisilotungishwa, seli 16, blastula (mpira wa seli wenye uwazi ndani) kabla ya kuanguliwa, baada ya kuanguliwa, seli za mifupa zikianza kuingia ndani, gastrula (utumbo unapojikunja ndani), pluteo. Kila mara tazama viinitete 100, andika wangapi wako kwenye hatua hiyo, na chini ya 90 usichukue. Kiinitete kimoja cha fuma wa zambarau kina takriban nanogramu 3 za RNA, nyingi ikiwa ya ribosomu. Ukichukua viinitete 2,000 kwa sampuli unabaki na akiba ya kutosha hata ukipoteza nusu. Rudia kwa wazazi tofauti mara tatu. Vyombo vitatu vya baba na mama mmoja haviwi marudio matatu.

Usishtuke ukikuta RNA ya ets1, jeni nyingine ya seli za mifupa, ndani ya yai ambalo halijatungishwa. Mama hulijaza yai RNA nyingi, na yai huanza kuzitumia likishaingiwa na mbegu. Ni kwa kufuatilia protini hizo zinazotengenezwa upya ndipo Tim Hunt, mwaka 1982 huko Woods Hole, akaiona saiklini, protini inayoendesha mgawanyiko wa seli, ikipanda na kutoweka kila mgawanyiko kwenye mayai ya fuma Arbacia. Kwako wewe, maana yake ni kwamba sampuli ya yai ni lazima iwepo, la sivyo hutajua kipi ni cha mama na kipi ni cha mtoto.

Na mfupa wenyewe uutazame kwa njia rahisi. Ni kalisaiti, inayong'aa kwenye mwanga uliochujwa. Vipande viwili vya kioo cha miwani ya jua yenye kichujio cha polaroidi, kimoja chini ya slaidi na kingine juu, ukikizungusha mpaka giza liingie, vitakuonyesha mifupa ikiwaka peke yake.

Kuhusu kuwavuna: ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, usiokote chochote bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori. Utahitaji leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya sayansi, na ukitaka kupeleka DNA nje ya nchi, kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira. Zungumza na wazee wa BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuo, cha ufuo husika kabla hujaingia majini. Andika tarehe ya mwezi mwandamo kila unapovuna, kwa sababu baadhi ya fuma wa hapa humwaga mayai na mbegu kwa kufuata mwezi mwandamo. Hata spishi mbili za Diadema zinazoishi pamoja kwenye miamba ya Kenya zina siku zao tofauti. Wiki ambayo hupati mayai si lazima iwe kosa lako.

Vaa glavu nene. Tripneustes hujifunika majani ya nyasi bahari, na ndivyo anavyofanya pia Toxopneustes pileolus, mwenye vikonyo vilivyofunguka kama maua madogo juu ya mwili wote. Huyo ana sumu kali. Usimguse. Ukichomwa na fuma yeyote ukahisi midomo kufa ganzi, ulegevu wa misuli au pumzi kubana, nenda hospitali saa hiyo hiyo, usisubiri maabara ifungwe.

Baada ya kupunguza manii, kuosha, kutandaza na kushika joto, jaribu mara tatu na wazazi tofauti. Mayai yakigawanyika mawili mawili vizuri lakini viinitete bado vinakufa kabla ya kuanguliwa, shuku maji au vyombo, na ufanye chombo kimoja kwa maji uliyotengeneza mwenyewe pembeni ya kingine cha maji ya bahari. Ikiwa vyote viwili vinakufa, au utumbo wa gastrula unatokeza nje badala ya kuingia ndani, hapo maandishi hayatatosha. Omba mtu aliyewahi kulea viinitete akae nawe kwenye hadubini. Watafiti wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, pale Mkomani hawako mbali nawe. Mwende na msimamizi wako, mbebe ile trei ya vibakuli vitano, na picha za kila kimoja: dakika ya pili, mgawanyiko wa kwanza, na seli 16.